Mzee wa Udongo Anahesabu Ng'ombe

Kabula alikufa mwezi uliopita, Dar es Salaam, na tangu nirudi Bariadi kutoka kumzika sijaweza kufungua duka mapema. Nakaa chumbani hadi jua linapanda, nawasikia wateja wanagonga, wanaita, kisha wanakwenda kununua vitenge kwa mwingine. Waende tu. Kabula alinizidi miaka miwili na bado aliniita mama, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa binamu yangu, na kwetu ukoo hauangalii nani alitangulia kuzaliwa. Alikuwa akinituma maji ya kunawa kama mtoto mdogo, halafu ananipokea kikombe kwa mikono miwili kwa heshima zote, "Wabeja, mama," ndiyo asante ya Kisukuma, uso mkavu kabisa, mpaka mimi ndiye nicheke. Sina hamu ya kueleza nani alimzaa nani zaidi ya hapo. Nataka kuukumbuka mwaka mmoja tu, mwaka nilioishi naye kwa Shangazi Milembe kule Ngulyati, tukiwa tumemaliza shule na hakuna aliyejua atufanyie nini, mwaka tuliotengeneza filamu ya udongo.

Kabla ya mwaka ule nilidhani filamu ni watu kupigana. Nyuma ya soko la Bariadi kulikuwa na banda la video la mabati, joto lake ungeweza kuivishia viazi, na mwenye banda alikuwa na desturi ya kuweka kipande kifupi kabla ya filamu kubwa ili watu waendelee kuingia. Kipande kile kilikuwa cha watu wa udongo. Mtu mmoja mnene anataka kuingiza kitanda ndani ya nyumba yake. Anakigeuza hivi, kinakwama. Anakigeuza vile, kinakwama. Anakata mguu mmoja wa kitanda kwa msumeno, anaupima kwa jicho, anakata na wa pili. Mwishoni kitanda kinaziba mlango wote, na yeye yuko nje na shuka mkononi. Hapo anatugeukia sisi tuliokaa kwenye mabenchi, anapepesa macho mara moja, basi, imeisha. Mtafsiri wa banda, ambaye kwenye filamu nyingine hakufunga mdomo, wakati wa kipande hicho alikunywa soda yake kimya, maana hapakuwa na neno la kutafsiri. Wamama waliotoka sokoni na vikapu walicheka sawa na vijana. Nilimwona mzee mmoja mfuga ng'ombe akifuta machozi kwa ncha ya shuka lake.

Nimejiuliza sana kwa nini tulicheka vile, na kwa nini bado nacheka nikikumbuka. Binti anayenisaidia dukani hunionyesha kwenye simu vikatuni vya siku hizi, vinang'aa, vinakimbia, vinaongea Kiswahili cha mjini, na mimi hutabasamu ili nisimvunje moyo. Havina alama za vidole. Yule mtu wa kitanda alikuwa na alama za vidole shavuni, na kila alipogeuka zile alama zilihamahama, kwa hiyo ulijua kwamba hawezi chochote mwenyewe, kwamba kuna mtu amemsogeza kidogo, akajificha, akarudi akamsogeza tena. Ni udongo, ni kitu kilichokufa, na bado kinahangaika na kitanda chake kama wewe na mimi. Unacheka, na ndani ya kicheko kuna huruma, hata hujui umeanza kumhurumia saa ngapi. Kabula yeye alilieleza kwa ufupi tukiwa njiani kurudi Ngulyati. Alisema yule mtu anachekesha kwa sababu anajitahidi.

Mzee Luhende, mume wa shangazi, alifariki kiangazi kinaishia, watu wakisubiri mvua ili wapande pamba. Kwangu alikuwa kama baba. Kwa Kabula alikuwa babu, na hapa lazima nieleze, kwa sababu mambo yote ya mwaka ule yamesimama hapo. Kwetu mjukuu na babu ni watani. Kabula alimwita mzee "mume wangu," na shangazi alimwita Kabula "mke mwenzangu," na asubuhi nyingi niliamshwa na ugomvi wao wa uongo, nani kati yao atampelekea mume uji. Basi mtu akifa, mtani ndiye ana kazi ya kumuigiza. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anamdai mjane chakula kwa sauti ya marehemu, mpaka waliokuwa wakilia wanacheka. Mtoto wa marehemu hathubutu. Mtoto kumuigiza baba yake ni kumvunjia heshima, na kwenye msiba ni kujitafutia laana. Ila mtani asipofanya, wazee husema marehemu hajaagwa.

Siku ya mazishi Kabula alikwishaingiza mkono mmoja kwenye koti la mzee, lile la kahawia lililotoboka kiwiko, na fimbo ameishika. Nilimwona akishusha bega la kushoto kama mzee alivyolishusha. Watu walianza kujisogeza, wamama wawili walikwishajiziba midomo. Ndipo mjomba wake, mtoto mkubwa wa mzee aliyekuwa na cheo Mwanza na aliyekuja na wakubwa wenzake, alipomshika mkono akamwambia kwamba huu ni msiba wa heshima na ratiba ni ndefu. Akamvua koti mbele za watu. Simlaumu sana leo, alikuwa na aibu ya mtu aliyeleta wageni nyumbani. Ibada ikaendelea, risala zikasomwa, tukamzika mzee wetu mbele ya viti vya plastiki, na wali ukaliwa. Shangazi alikaa kwenye mkeka wake akitazama lile koti lililokunjwa juu ya kiti.

Baada ya hapo shangazi aliacha kula. Sisemi alikataa. Ukimpa uji aliupokea, akashukuru, akanywa mafunda mawili matatu, kisha bakuli likakaa pembeni yake hadi utando ukaufunika. Ikapita arobaini, wanawake wa ukoo wakaja na wembe kumnyoa atoke kwenye msiba, akawasalimia vizuri, "Mwangaluka, mayu," akawauliza habari za mashamba yao, akawaambia bado. Walikuja tena, bado. Hakuwa amechanganyikiwa, hilo lilinisumbua kuliko yote. Alijua siku, alijua bei ya mbegu, alijua nani ana deni la jembe kwa nani. Ila tulipocheka au kuongea kwa sauti barazani alituambia tupunguze, mzee asisumbuliwe. Hospitali walimpima wakasema hana ugonjwa. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana kupitia khanga. Jioni moja nilimsikia akizungumza na jirani upande wa pili wa ukuta wa jikoni, jirani anamsihi ale kwa ajili ya wanawe, naye anajibu kwa Kisukuma, polepole, kwamba hawezi kula matanga ya mtu ambaye bado yuko safarini. Mwanawe akaleta habari kutoka Mwanza kwamba msimu wa pamba ukiisha atakuja kumchukua akakae naye mjini. Kila mtu alijua kwamba kumtoa shangazi Ngulyati katika hali ile ni kumpeleka kufa.

Kabula alikuwa akifanya kazi za hapa na pale kwa Masunga, fundi wa picha za harusi pale mjini. Harusi zetu zinafuata pamba. Watu wakiuza ndipo wanaoa, na miezi ya mvua kamera ya Masunga ilikaa kwenye begi lake ikila vumbi. Ilikuwa kamera ya mikanda, nzito, ya kubeba begani. Siku moja Kabula akarudi nayo imefungwa kwenye khanga kama mtoto. Tulikuwa jikoni tunachambua michembe iliyolowa, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, shangazi amelala chumbani kwake. Akaniambia anachotaka kufanya. Nikaogopa, nikamkumbusha mjomba wake.

"Mimi nilizuiwa kuvaa koti," Kabula akasema. "Udongo hajauzuia mtu."

Tulichukua ghala la pamba la pale nyumbani, lililokuwa tupu wakati ule, lenye dirisha moja linaloingiza jua la asubuhi. Bado naisikia harufu yake ya magunia na mafuta ya taa. Kabula alifinyanga mzee kwa udongo wa kichuguu, maana ule mweusi wa mbugani ukikauka unapasuka. Ili usikauke tulijaribu kuukanda na samli. Tulijisifu sana, mpaka asubuhi tulipokuta panya wamekula mguu wa mzee hadi gotini. Kabula alikaa chini akacheka hadi akakosa pumzi, akasema mume wake ameliwa na hata polisi hawezi kwenda kushtaki. Tukahamia mafuta ya mbegu za pamba, panya wakatuacha. Ng'ombe tulifinyanga kama watoto wote wa Usukuma wanavyowafinyanga, nundu kubwa, pembe za miiba. Mkasa tuliuchagua bila kubishana. Mzee Luhende alikuwa na kasoro moja iliyojulikana hadi Maswa, kwamba hakuweza kuhesabu ng'ombe wake mara mbili akapata jibu moja, na kila mara aliwalaumu ng'ombe. Kwenye filamu yetu mzee anahesabu kwa fimbo, na akifika katikati, ng'ombe wa mwanzo anachomoka taratibu, anapita nyuma yake, anajipanga mwisho. Mzee anapata ng'ombe wa ziada. Anafurahi, anarekebisha kofia. Anahesabu tena kutoka upande uleule, ng'ombe anarudi alikotoka, anampungukia. Anawatazama mmoja mmoja usoni kama hakimu.

Kazi iligawanyika kwa namna ambayo nadhani haipo popote duniani. Mimi sikuruhusiwa kumgusa mzee. Kabula ndiye mtani, mkono wake ndio wenye ruhusa, mimi nilikuwa mtoto. Kwa hiyo yeye alisogeza na mimi nilibonyeza. Anamsogeza mzee unene wa punje ya mtama, anajitoa, ananiambia "Mama," nabonyeza, naachia upesi. Anarudi. Ng'ombe niliruhusiwa kuwasaidia. Kamera ile haikuwa ya kazi hiyo, ilikuwa nzito kuanza, na mzee wetu alitembea kwa kuruka kama aliyekanyaga siafu, lakini alitembea. Mara ya kwanza tulipoangalia kwenye kijidirisha cha kamera, hatua nne tu za mzee, hakuna aliyecheka. Kabula alinishika mkono akaniumiza.

Siku moja mzee aliyumba ukingoni mwa meza na mimi, bila kufikiri, nikamdaka. Nilimdaka vizuri, hata kofia haikudondoka. Kabula alinitazama, akamtazama mzee kwenye viganja vyangu, akamchukua, akambonda akawa donge. Nililia kwa hasira. Ilikuwa kazi ya wiki nzima, na mzee mpya hangefanana na yule. Nikamwambia huu ni ushamba, ni udongo tu. Akanijibu bila kuinua macho kwamba kama ni udongo tu basi hatufanyi chochote humu ndani, twende tukapalilie. Akaanza kukanda upya.

Kelele za ugomvi ule ndizo zilizomleta shangazi. Tulimkuta amesimama mlangoni, amejishikilia kwenye mwimo, mwembamba hadi nikaona aibu kuwa nilikuwa nimepiga kelele. Alimtazama mzee mpya, aliyekuwa bado hana mikono. Kisha akasema hilo bega si hilo. Lililoshuka ni la kushoto, lakini lilishuka kwa nyuma, kwa sababu ya ule mzigo wa mbao alioubeba ujanani, ninyi hamkuwepo. Kabula akalisukuma bega nyuma kwa kidole gumba. Shangazi akatikisa kichwa. Tena kidogo. Ndiyo.

Kuanzia hapo alikuja kila asubuhi. Aliletewa gunia lililojazwa pumba akalikalia karibu na dirisha, tukamwomba asizibe mwanga, akasogea. Mzee hakuwahi kuvuta pumzi kabla ya kuhesabu, alituambia, alivuta katikati, ndiyo maana alipotea. Kofia aliirekebisha kwa kidole cha kati. Kabula, mjanja, alianza kuweka sahani ya michembe na karanga juu ya kreti karibu na gunia, na shangazi, macho kwenye meza, mkono ulikwenda wenyewe. Sitasahau sauti ile ya mtu anayetafuna bila kujua anatafuna. Baadaye ukawa ugali, ukawa dagaa wa Lamadi, ukawa maziwa mgando. Majirani wakasema amerudi. Mimi nilisema hivyo pia, nikamshukuru Mungu, na nilikuwa nimefurahi kweli, furaha ya kijinga ya miaka kumi na minane.

Lakini marekebisho hayakuisha. Kipande tulichokwishakirekodi alikirudia kichwani, akaja asubuhi na kosa jipya. Leo fimbo ni fupi. Leo mzee hangesimama na mgongo kwenye jua. Mvua zikakatika, mtama ukavunwa, pamba ikaanza kufunguka mashambani, na mzee wetu alikuwa bado anahesabu ng'ombe walewale. Tukiwa kisimani Kabula akaniambia jambo ambalo na mimi nilikwishaliona nikaliacha. Bibi hataki tumalize. Anakula kwa sababu mzee yuko mezani kila asubuhi. Nikamuuliza ubaya uko wapi, ale tu, hata tukihesabu ng'ombe miaka kumi. Kabula alijaza ndoo yake, akajitwika, akasema mjomba anakuja pamba ikiuzwa, na atamkuta bibi hajanyolewa, anaishi ghalani na sanamu. Atambeba siku hiyohiyo. Halafu akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mzaha hata kidogo, kwamba yeye ni mtani na kazi ya mtani ina mwisho wake.

Tulimalizia siku ambayo shangazi alikwenda kumjulia hali mgonjwa kijijini Migato. Kabula alifanya mwisho peke yake, mimi nikibonyeza tu. Mzee anakata tamaa, anaacha kuhesabu, anakaa chini kwa ile namna yake ya kuvuta kiti, kukirudisha, kukivuta tena. Ng'ombe wote wanamzunguka. Anawatazama, anatugeukia, anapepesa macho.

Masunga alileta runinga yake na jenereta siku ya Jumapili mchana. Tuliziba madirisha ya sebule kwa khanga, majirani wakajaa hadi mlangoni, watoto wakakaa miguuni pa shangazi. Filamu yenyewe ilikuwa fupi kiasi kwamba mtu aliyechelewa kuvua viatu aliikosa. Mzee alipovuta pumzi katikati ya kuhesabu, sebule ililipuka. Mwanaume mmoja alipiga paja akasema ndiye, ndiye huyo. Na shangazi alicheka. Alicheka kwanza kwa pua, kama mtu anayejizuia kanisani, kisha akacheka kwa mwili wote, ameshika ubavu, machozi yanamtoka. Kabula aliniangalia juu ya vichwa vya watu na sijawahi kuuona tena uso wake ukiwa hivyo. Shangazi akaomba irudiwe. Tukarudia, akacheka. Ikarudiwa tena, na safari hii mzee alipopepesa macho shangazi hakuwa anacheka, alikuwa ameweka viganja magotini.

"Haya," akasema. "Sasa amekufa."

Akainuka akawashukuru wote kwa kuja. Kesho yake wanawake wa ukoo wakaja na wembe akainamisha kichwa. Mwanawe alipofika alimkuta barazani anachambua pamba, amenyolewa, amenawiri, na hakuwa na sababu ya kumchukua. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, alikula, aliuza, alizika wengine. Kwa hesabu yoyote tulimwokoa. Lakini hakuwahi tena kumwita Kabula mke mwenzangu. Hakumchukia, alimpikia, alimpa vitenge, alimwombea safari njema alipohamia Dar es Salaam mwaka uliofuata. Alimwita Kabula tu, jina lake, kwa upole, kama unavyomwita mtoto wa jirani. Kabula alijaribu utani wa uji mara mbili tatu, shangazi akatabasamu akampa kikombe. Nilikuwa najua kwamba inamuuma. Aliniambia mara moja tu, kwenye simu, uzeeni wetu, kwamba pengine bibi alikuwa sahihi, mume akishakufa hakuna tena wake wenza.

Sasa yeye. Mazishi yake kule Dar es Salaam yalikuwa mazuri, yalikuwa na mshereheshaji mwenye suti na picha zake zikipita ukutani moja baada ya nyingine. Nilikaa mstari wa mbele kwa sababu mimi ni mama. Mama hamuigizi mtoto wake. Nyuma kabisa alikaa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtani wake wa miaka yote, mtu ambaye mezani kwao alikuwa akimuigiza Kabula anavyovaa miwani kutafuta miwani hadi tunashindwa kula. Hakuna aliyempa nafasi. Alinisindikiza stendi akiwa amenibebea mfuko, na kabla basi halijaondoka aliniambia, "Mama, mimi nilikuwa tayari. Arobaini tunaifanya kwenu Ngulyati. Wewe ndiye mkubwa uliyebaki. Ukisema nije, nitakuja, nitamfanya."

Nilimwambia nitampigia. Arobaini ni Jumamosi hii. Mchele umeshachaguliwa, mbuzi yupo, wanawake wa ukoo wameniuliza kama kuna mtani anayekuja, nikawaambia tutaona. Namba yake ninayo. Anamuigiza vizuri mno yule shemeji yake, hata ile sauti ya "Wabeja, mama" anaitoa vilevile, uso mkavu, na mimi najua akifika mahali hapo nitacheka. Sijampigia.